Dawa za Uani na Vifaa vya Shamba: Jego Wakati wa Rupia

  

Leo nawaomba tufuatane hadi Jego. Wenyeji wa Kwale wanapajua. Ukifika Lunga Lunga huendi mpakani, unashika njia ya Vanga, unateremka kuelekea baharini, na Jego iko huko huko, karibu na mto Umba. Lakini hatuendi Jego ya leo. Tunarudi nyuma, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakati pesa ilikuwa rupia na shilingi haijaingia bado.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtoto wa Jego akishikwa na homa usiku, mama yake alinyoosha mkono wapi? La pili: mkulima wa Jego ambaye jembe lake limekwisha, na minazi yake inaliwa na wadudu waitwao chonga, alikwenda wapi? Maswali ni mawili, lakini jibu ni moja. Alikwenda uani kwanza. Uani pakishindwa, alikwenda dukani, Vanga. Dawa na vifaa vya shamba vilikaa pamoja, mahali pamoja, na mara nyingine vilikuwa kitu kile kile. Nitawaonyesha.

Na kuna jambo moja nataka mlishike tangu sasa, maana nitalirudia. Tumezoea kusema "dawa za asili". Tukisema hivyo tunawaza kitu cha hapa hapa, kilichoota na mababu zetu tangu dunia kuumbwa. Mimi nasema hivi: nyingi ya dawa hizo zilikuwa wageni. Zilikuja kwa jahazi na kwa meli. Bibi zetu walizipokea, wakazijaribu, zilizofaa wakazipa mahali uani. Kipaji chao kilikuwa hicho, cha kujaribu na kuchagua.

Haya, tuingie uani.

Tuanze na mwarobaini, ambao kwa Kidigo mtasikia ukiitwa mkilifi. Nani hapa Pwani hajui mwarobaini? Mti huu kwao ni Bara Hindi. Uliletwa Afrika Mashariki na Wahindi katika karne ya 19, kwa hiyo wakati tunaouzungumzia ulikuwa bado mgeni anayezoea mchanga wetu. Na tazameni kazi uliyopewa. Majani yake yalichemshwa, akaogeshwa mtoto mwenye upele au tetekuwanga. Maji yake machungu yalinywewa kwa homa. Kijiti chake kilikuwa mswaki. Na majani makavu yalitiwa katikati ya mahindi na kunde ghalani ili fukusi wasitoboe. Kwa hivyo niulize: mwarobaini ni dawa, au ni kifaa cha mkulima? Bibi wa Jego angelishangaa hata kuulizwa.

Mzunze pia umetoka Bara Hindi. Majani yake ni mboga, na mbegu zake zikipondwa na kutiwa katika maji ya tope, tope linashuka chini na maji yanabaki meupe juu. Mpera, ambao majani yake machanga yalichemshwa kwa tumbo la kuhara, umetoka Amerika. Mpapai, ambao mbegu zake zilitafunwa kwa minyoo na utomvu wake ukapakwa kwenye vidonda, umetoka Amerika vilevile. Muhogo wenyewe kwao ni Brazil, na waliouleta Afrika ni Wareno. Na mbono kaburi, ule mti wa ua unaozungushwa nyumba na makaburi, ambao mbuzi hawaugusi na utomvu wake unazuia damu kidole kikikatika, nao pia ni wa Amerika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikiwaza ua wa Jego, naiona methali hiyo ikiwa kweli tupu.

Msinielewe vibaya, wasikilizaji. Wenyeji wa kweli walikuwapo. Mkwaju ni mti wa Afrika, na ukwaju ulilainisha tumbo na kumpoza mwenye homa. Kivumbasi kiliota chenyewe kando ya nyumba, kikachomwa jioni kufukuza mbu, kikatiwa katika chungu cha nyungu mtu ajifunike nguo nzito na kuvuta mvuke wake. Na mtsunga, ile mboga chungu ya Wadigo. Mzee akikwambia leo kula mtsunga, hajakwambia kama anakupa kitoweo au dawa ya tumbo. Anakupa vyote viwili. Mizizi mingine ilitoka msituni, na misitu mingine ilikuwa ya kaya, kama Kaya Kinondo kule Diani, ambako mtu haingii na kukata apendavyo. Misitu hiyo ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wazee waliilinda karne nyingi kabla ya orodha hiyo, kwa miiko yao wenyewe.

Kwa hiyo uani palikuwa na wenyeji na wageni. Nasema tena: wenyeji na wageni, wamekaa pamoja, na mama wa nyumba anawajua wote, kila mmoja kwa kazi yake.

Sasa tutoke uani, twende dukani.

Vanga wakati ule ilikuwa na jina kubwa. Serikali ya Waingereza iliiita sehemu yote hii ya kusini Wilaya ya Vanga. Ilikuwa bandari ndogo, majahazi yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, na ilikuwa mpakani. Mpaka huo Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886, wakauanzisha hapa hapa kwetu, penye mlango wa Umba. Watu waligawanywa kwenye ramani tu. Ndugu walikuwa Jasini na Tanga upande mmoja, Jego na Vanga upande mwingine, na mbegu, vipandikizi na dawa vilivuka pamoja na harusi na matanga.

Ingieni dukani polepole, kuna giza kidogo. Mnasikia harufu? Ni mvuje, ule utomvu unaonuka, uliotoka nchi za Uajemi. Kipande kidogo kilifungwa shingoni mwa mtoto mchanga, na kipande kidogo zaidi kiliyeyushwa kwa tumbo lililojaa gesi. Pembeni yake kuna ubani, kafuri, na shubiri nyeusi chungu. Kuna sanamaki na chumvi ya haluli za kuendesha tumbo. Kuna uwatu wa mama aliyejifungua, habasoda ya kifua, na karafuu ya Unguja na Pemba kwa jino linalouma. Vyote hivyo vilipimwa kidogo kidogo, vikafungwa katika karatasi. Na mbele ya dawa hizo, sakafuni, kuna majembe. Kuna mapanga. Kuna kamba za makumbi. Kuna mafuta ya taa. Duka moja, mwenye duka mmoja.

Hapo nataka tusimame kidogo, kwa vitu viwili ambavyo nadhani vijana wengi hawajavisikia.

Cha kwanza ni kibiriti upele. Si kiberiti cha kuwashia jiko. Ni jiwe la manjano, laini, ambalo ukilichoma linatoa moshi wa kukaba koo. Lilisagwa, likachanganywa na mafuta ya nazi, likapakwa mwilini baada ya kuoga, kwa ajili ya upele. Na lilifanya kazi kweli kweli: linaua vile vidudu vinavyochimba chini ya ngozi. Hospitali nazo zilitumia dawa hiyo hiyo ya kibiriti kwa upele kwa miaka mingi sana. Na wakulima wa mizabibu Ulaya walikuwa wakinyunyiza unga wa jiwe hilo hilo kwenye majani, kuua ukungu mweupe.

Cha pili ni mrututu. Mrututu ni mawe ya buluu, mazuri kutazama, kama vito. Kidonda kilichokataa kupona kiliguswa kwa mrututu, na kilichoma! Ulikuwa ukila nyama iliyooza ili nyama mpya ipate kuota. Sasa sikilizeni. Mwaka 1885 huko Bordeaux, Ufaransa, mtaalamu aitwaye Millardet alitangaza kwamba mrututu ukichanganywa na chokaa na maji, kisha ukanyunyizwa kwenye mizabibu, unazuia ugonjwa uliokuwa ukiangamiza mashamba ya nchi ile. Dawa hiyo ikaenea duniani, na hapa Afrika Mashariki ikatumika kwenye kahawa. Na chokaa? Chokaa watu wa Pwani wamekuwa wakiichoma wenyewe kutokana na matumbawe tangu enzi za Vumba Kuu, ule mji wa kale ulio jirani na Vanga. Wameijengea misikiti na wameitafuna na tambuu.

Mnaliona jambo lenyewe? Jiwe la manjano na jiwe la buluu. Kwenye ngozi ya mtu ni dawa, kwenye jani la mti ni dawa pia. Kiswahili chenyewe hakikutenganisha: dawa ya kidonda ni dawa, na dawa ya wadudu shambani ni dawa. Na hatari yake nayo ni moja. Mrututu ukimezwa ni sumu. Mwenye duka mwangalifu hakumpa mtoto mdogo mrututu abebe mkononi.

Na debe! Siwezi kuondoka dukani bila kulizungumza debe. Mafuta ya taa yalikuja kwa meli yakiwa katika mikebe ya bati ya mraba, miwili miwili ndani ya sanduku la mbao. Mkebe mmoja uliingia lita 18 na zaidi kidogo. Mafuta yakiisha, je, mkebe ulitupwa? Thubutu! Debe likawa la kuchotea maji. Likatobolewa matundu chini, likawa la kumwagilia miche. Likakatwa, likawa kitalu cha mbegu. Likapasuliwa na kunyooshwa, likawa bati la banda la kuku. Likawa kipimo: debe la mahindi, debe la mpunga, na mpaka leo sokoni tunapima kwa debe. Sanduku la mbao nalo likawa meza, au kabati la dawa. Mkulima wa Jego hakwenda kununua vifaa vya bustani. Vifaa vya bustani vilifika vimebeba mafuta.

Mafuta yenyewe yalikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross alionyesha kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Baada ya hapo, kumwaga mafuta ya taa kidogo juu ya maji yaliyotuama kukawa kazi ya maafisa wa afya katika miji mingi ya nchi za joto. Mafuta hutanda juu, na viluwiluwi vya mbu hukosa pumzi. Lakini mtu hawezi kumwaga mafuta ya taa kwenye konde la mpunga, na Jego ni nchi ya mpunga. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, ukifurika unaleta udongo wa milimani na kuutandaza makondeni. Watu walilima kwa mbolea hiyo, wala hawakuilipia hata pesa moja. Maji hayo hayo yaliyoleta udongo yaliwalea mbu. Ndiyo maana homa ya Vanga na Jego haikuwa mchezo.

Na hapa naingia kwenye kwinini.

Kwinini ilikuwa dawa chungu ya wazungu, lakini chimbuko lake ni gome la mti wa milima ya Amerika Kusini, na watu wa milima ile walikuwa wakilijua gome hilo kabla ya mzungu kulitia katika vidonge. Mgeni mwingine! Basi mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki, wakapanda humo miti ya kila namna kutoka duniani kote, na mmoja wao ulikuwa mti wa kwinini. Vita vikaja mwaka 1914. Mwezi Januari 1915 palipiganwa Jasini, mlango wa pili tu kutoka Jego, vita vikali vya siku mbili, kati ya majeshi ya Mwingereza na ya Mjerumani. Meli za Mwingereza zikamfungia Mjerumani bahari, dawa haziingii. Akafanya nini? Akaenda Amani, akachuna gome, akatengeneza kwinini yake mwenyewe. Baadaye, mambo yalipozidi kuwa magumu, askari wakawa wanachemshiwa gome tu na kupewa maji yake.

Yatafakarini hayo. Jeshi la Ulaya, pamoja na madaktari wake na maabara yake, liliishia kuchemsha magome katika sufuria. Bibi wa Jego alikuwa akifanya hivyo siku zote. Sisemi hivi kumdharau daktari. Nasema kwamba tofauti haikuwa kubwa kama tulivyofundishwa.

Vita vilichukua wapagazi wengi kutoka Pwani na bara, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi zaidi kwa malaria na kuhara damu kuliko kwa risasi. Kisha mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya mafua, ikaingia kwa bandari ya Mombasa. Hapo uani pakashindwa, na duka likashindwa, na hospitali zikashindwa. Nyungu ilimpa mgonjwa nafuu ya kifua, lakini haikuizuia homa ile.

Niseme kidogo juu ya waganga, kisha nipite. Serikali ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1909, ikaifanya upya mwaka 1918, na tena mwaka 1925, na hiyo ya 1925 tunayo hadi leo katika vitabu vya sheria za Kenya. Shabaha yake ilikuwa wachawi, lakini mganga wa mitishamba naye alitembea kwa hofu. Mama wa nyumbani hakuguswa, kwa sababu hakuna afisa aliyemwona kuwa ni tabibu. Kwa maoni yangu, ndiyo maana ujuzi wa uani ulidumu. Ulikuwa mikononi mwa wanawake, na hakuna aliyeuhesabu.

Lakini wako walioanza kuuandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za desturi za Waswahili, maradhi na tiba zikiwamo, na Mjerumani Carl Velten akazichapisha mwaka 1903. Na Amani ile ile, ilipokuwa mikononi mwa Waingereza, mtaalamu wa mimea aitwaye Greenway alichapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Wamisionari na wataalamu waliuliza majina. Mimi natamani wangeuliza zaidi juu ya kipimo.

Kipimo, wasikilizaji, kipimo. Ukimuuliza bibi dawa ya kuendesha tumbo, alikutajia mti, kisha akakuonyesha mkono: ukufi, au konzi, au vidole vitatu tu. Mbegu za mbono kaburi ni sumu. Utupa, uliopondwa na kutiwa mtoni kulewesha samaki, na ambao maji yake yaliua chawa na wadudu wa mboga, si kitu cha kunywa. Mafuta ya mwarobaini yameshawaua watoto wachanga walionyweshwa. Tuliyesalia naye siku hizi ni yule anayekumbuka jina la mti na kusahau konzi na ukufi. Huyo ni hatari, hata akiwa ana nia njema. Na mtoto mwenye homa leo apimwe damu zahanati kwanza, maana vipimo vipo na dawa zipo. Bibi zetu wangevipata, wangevitumia, kama walivyotumia kila kilichofika na kikafaa.

Nina ushahidi wa hilo, nao ni mti mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ya mpira ilipanda sana duniani. Walowezi wakapanda hapa Pwani, na zaidi upande wa Wajerumani, mti wa mpira kutoka Ceará, Brazil. Mwaka 1913 bei ikaanguka, mpira wa Malaya umeshinda. Mashamba yakaachwa. Wazungu walihesabu hasara. Na wanawake wa Pwani? Waliutazama ule mti, wakaona majani yake yanafanana na ya muhogo, na kweli ni ndugu yake. Wakachuma majani machanga, wakayatwanga, wakayachemsha sana kutoa sumu, wakatia tui. Ndicho kisamvu cha mpira, na mti ule ukahamia uani, mmoja mmoja, nyuma ya nyumba.

Haukuishia hapo. Muhogo wetu ulikuwa na ugonjwa wa batobato, ambao Mjerumani Warburg aliuandika mwaka 1894, ukiwa upande wa Usambara, na baadaye ukajulikana mwingine, ule wa michirizi ya kahawia unaoozesha muhogo ndani ya ardhi. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, Storey na Nichols, walitafuta kinga. Waliipata wapi? Kwa ule mti wa mpira uliotupwa. Waliuzalisha na muhogo, wakauzalisha tena na tena, mpaka wakapata muhogo unaolika na unaostahimili. Mojawapo ya mbegu zilizotoka katika kazi hiyo ingali inapandwa na wakulima wa Pwani ya Kenya, nao wanaiita kaleso.

Basi mkulima wa Kwale anayesikiliza sasa, na ana kaleso shambani, aende akaitazame kesho. Na mwenye mti wa mpira uani naye asiukate. Majani yake ni machanga baada ya mvua za mwaka, na yanataka moto mrefu na tui zito.